Kocha Aliyepata Nyumba

Highview, Louisville

Ndugu yangu Barasa,

Natumaini kifua chako kimetulia na mvua haijabomoa zizi. Mimi mwili umenishinda. Ukiona mwandiko unayumba, ni mkono tu, akili bado ipo.

Hapa mji mzima unamzungumzia kocha mpya wa mpira wa kikapu wa timu ya chuo. Hajashinda mchezo hata mmoja, lakini kinyozi wangu amekwisha kuahidi kutunyoa bure siku ya ubingwa. Mimi kocha huyo simwamini. Nilipokuwa mwalimu wa shule mjini Buffalo, alikuja kufundisha timu ya pale, akatangaza kwamba hatimaye yuko nyumbani. Nikahamia Columbus, naye akaja, akasema yale yale.

Jumapili alikuja kusalimia kanisani kwetu, tunakosali na Wakongo, nikaombwa nitafsiri. Akashika kifua, akasema yuko nyumbani. Nikatafsiri, "Anasema amepata nyumba."

Unajua kwetu nyumba mtu hupanga, nyumbani huzikwa.

Kisha Mama Furaha, kiongozi wa kwaya kutoka milima ya Kivu, akasema, "Bon, sawa, alipe kodi kama sisi. Lakini tunataka kombe, jirani tuko naye tayari." Watu wakacheka. Kocha naye akacheka, bila kujua anachochekea.

Garini, binti yangu Naliaka alinikemea kwa Kiswahili, ambacho hukitumia akikasirika tu.

"Baba, mbona umemgeuzia maneno?"

"Mtu hana kwao kutatu."

"Na wewe? Buffalo uliniambia tuko nyumbani. Columbus pia. Na Baba Mdogo kila mwaka unamwambia unarudi."

Sikumjibu. Wewe ndiwe ninayekujibu.

Barasa, kila Desemba unafyeka ile nafasi kando ya kaburi la mama, ukiningoja. Usifyeke tena. Nimemwomba Naliaka anizike huku, karibu na wajukuu. Si nauli wala ugonjwa. Niliamua zamani, nikaendelea kuandika "narudi" kwa kuwa mlipenda kulisoma neno hilo. Panda maharagwe pale, udongo ni mzuri.

Kocha bado namtilia shaka. Sauti ile naijua, ni yangu. Ila akija tena, nitamtafsiria alivyosema.

Nisalimie shemeji anayekuvumilia, dada yetu mkubwa aliyeolewa Kimilili, na mchungaji aliyeahidi kuniombea nikirudi. Mwambie aombe tu.

Ni mimi kaka yako, niliye nyumbani,

Wekesa