Mzee Kesho Hakusema Kesho

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Goti linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila ni uzima wa kuamka na kufagia uani tu, maana nyumba imepwaya tangu baba aondoke. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatia, na mimi ningeshukuru umenikatia.

Baba tulimzika Alhamisi. Hukuja, na sikulaumu. Ukisoma mpaka chini utajua kwa nini. Misa ilikwenda vizuri, watu walijaa hadi madirishani. Taabu ilikuwa kutoka. Katikati ya mlango mkubwa wa kanisa kuna nguzo. Wewe hujaiona, waliijenga ulipokwisha kuondoka, ili ishikilie tao lililopasuka. Watu wanaiita fimbo ya Mzee Kesho. Maharusi wakitoka, mmoja anapita kushoto, mwingine kulia, na wahuni wa kwaya wanasema hapa ndoa inaanza kwa kuachana. Sasa jeneza halikupita. Wabebaji wakarudi nyuma, wakaliinamisha ubavu, mmoja akawa anaelekeza, huku kidogo, shusha, shusha, kama watu wanaohamisha kabati. Nikasikia baba anagonga ubao ndani. Dada, sauti ile haijanitoka.

Juzi akaja katekista. Kanisa linatimiza miaka thelathini na anaandika kijitabu cha historia yake, akataka nimsimulie kwa kuwa kati ya waliolijenga nimebaki mimi. Nilisimulia kwa raha. Nilimwambia mawe tuliyachonga kilimani na akina mama wakayabeba kichwani. Kuta baba alizipa unene wa mkono, toka kiwiko hadi vidole, na madirisha aliyafanya membamba ili jua lisiwapige watu usoni wakati wa mahubiri, wasipate sababu ya kusinzia. Kabla hatujaezeka alisimama katikati akapiga makofi, akasikiliza, halafu akatuambia tuongeze mistari mitatu ya mawe, wimbo upate pa kupandia. Tao la mlango alilitaka pana, watu wanne wapite sambamba. Alisema bibi harusi hatoki peke yake, na maiti hajibebi.

Hapo katekista akanisomea alichokwisha kuandika: tao lilipasuka kwa sababu fundi mkuu aliamuru mirunda, ile miti ya kulishikilia, itolewe kabla ya siku zake. Akaniuliza kama ni sahihi. Nikamwambia arudi Jumamosi, sijamaliza kukumbuka. Uongo. Nakumbuka kila kitu.

Wiki ya harusi yako, Jumatatu, baba alisafiri kwenda kuleta kengele. Tao lilikuwa bado bichi, limebebwa na fremu ya mbao na ile mirunda. Akaniita, akaniambia mirunda isiguswe mpaka mtondogoo, naye atakuwepo. Akanihesabia kwa vidole: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Ijumaa. Nilimsikia vizuri sana.

Jumanne wasichana wa kwaya walikuja kufanya mazoezi, wakatucheka kwamba kanisa letu bado halijapona, linatembea kwa magongo. Yule mmoja, unamjua, ndiye wifi yako leo, akasema labda fundi ndiye anayeogopa. Basi kichwa kikanivimba. Nikachukua nyundo, nikagonga kabari, nikaitoa mirunda yote mbele yao. Walinipigia vigelegele. Vilikuwa havijaisha tao likashuka kiganja kizima, mawe mawili yakadondoka. Mungu alisaidia hakuumia mtu.

Baba aliporudi na kengele yake, padri akauliza nani kaamuru. Nikasema baba aliniambia kesho. Baba alinitazama. Nilingoja anikane, dada, naapa nilingoja. Akasema ni kweli, alisema kesho, uzee umemwingia. Hakuwa hata na miaka hamsini. Hakuna aliyempa tena hata choo kujenga, na jina la Mzee Kesho likamganda.

Wewe ukafungia ndoa darasani, gauni likajaa chaki, wakwe wakacheka. Ukamwambia baba bora angekuwa fundi viatu, ungetembea peku bila kulalamika. Ukaondoka. Kila nilipokuandikia kwamba mzee anauliza utakuja lini, ulinijibu nimwambie utakuja kesho. Nilimfikishia. Alikuwa anacheka kidogo, halafu anakwenda kukung'uta godoro la chumba chako.

Siku ya mwisho hakunitambua vizuri. Aliniuliza mirunda bado ipo? Nikamwambia ipo, baba, hakuna aliyeigusa. Akafumba macho.

Hasira yako ilikuwa yangu, dada. Nimemwachia aibebe miaka thelathini, na hata wifi yako amenyamaza kwa ajili yangu. Katekista nitamwambia aandike jina langu, na Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya watu. Padri amekubali tuvunje nguzo. Nitalijenga tao upya kwa mikono hii, upana uleule wa baba. Sikuombi unisamehe. Naomba uje tu, uwepo siku ya kutoa mirunda, maana safari hii siigusi mpaka useme wewe. Godoro nimelikung'uta.

Msalimie shemeji na wapwa zangu wote. Wifi yako anakusalimu, analia jikoni.

Ni mimi mdogo wako,
mtoto wa Mzee Mtondogoo.