Haidrojeni Inapita

Ruiru, Alhamisi jioni, 1957

Sifuti hata neno moja. Mwalimu wa sayansi ametaka kesho nisimame mbele ya darasa nikiri kwamba nilikosea, la sivyo nisiingie tena katika somo lake.

Nilisema tu kwamba metali iitwayo paladiamu, ikipashwa moto, hupitisha haidrojeni na kuzuia gesi nyingine. Nilisoma hivyo katika kitabu alichoniazima padri wa Thika.

“Wambui, kwenu mnachuja chai kwa sufuria?” Njoroge akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Mwalimu akauliza gesi itapita wapi pasipo na tundu. Sijui. Kitabu hakikueleza.

Kesho sauti yangu itatetemeka. Na itetemeke. Nitasema: haidrojeni inapita.