Dozi ya Wegesa

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nimeteka maji, nimefagia, Wegesa hajaamka. Homa tena. Anashika kiuno, akikojoa analia. Mimba ya miezi saba. Huyu binti nilimwoa mimi mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke kama mila yetu inavyoruhusu, kwa ng'ombe wangu, anizalie mtoto wa kiume maana sikujaliwa. Mwanaume wa kumzalisha nilimtafuta mimi. Alikufa kabla ya Krismasi, amekonda kama mwiko. Nilikuwaga najiona mjanja.

Jumanne, 8 Machi
Bunda, hospitali. Mwezi uliopita walimpima damu: ana virusi vya ukimwi. Leo daktari kasema bakteria wameingia kwenye mkojo, wamepanda hadi figo. Mwili wake hauna nguvu ya kupigana nao. Kapsuli za wiki mbili. "Mama, azimalize zote, hata akijisikia mzima." Nimeitikia ndiyo, ndiyo.

Ijumaa, 11 Machi
Homa imekwisha! Wegesa kala ugali, kacheka. Kapsuli zilizobaki nimezifunga kwenye kitambaa. Hapa Nyamuswa zahanati haikaagi na dawa. Hizi za siku ya kujifungua, mtoto asije akakosa. Wegesa kasema, "Lakini mama, daktari..." Nimemkaripia. Nani mwenye nyumba hapa?

Alhamisi, 17 Machi
Anatetemeka, meno yanagongana. Nimempa kapsuli mbili kwa mpigo. Katapika. Mungu wangu, nimefanya nini mimi?

Jumamosi, 19 Machi
Wodini Bunda. Mtoto katoka jana, hakulia. Wa kiume.

Nesi kauliza kama dawa zilimalizwa. Wegesa, midomo imepasuka kwa homa, ndiye kajibu: "Nilimaliza zote. Mama alinisimamia." Nesi kaandika hivyo hivyo. Na mimi nikanyamaza. Mwoga mkubwa. Mchawi ana nafuu.

Jumapili, 3 Aprili
Pasaka. Hatukwenda kanisani. Wegesa amerudi nyumbani, mifupa tu. Nesi alisema homa zitakuja tena, hii au nyingine, na virusi havina dawa.

Nimempikia uji wa ulezi, kanywa nusu. Akauliza mtoto alifanana na nani. Yeye hakumwona, mimi ndiye niliyemwosha. Nimemwambia, alifanana na wewe, hapa kwenye paji la uso. Akageukia ukutani. Nimekaa naye mpaka akalala.