Siku Treni Ilipokatwa ili Mama wa Kambi Apige Kura

Mpendwa Mama,

Kwa wakaaji wote wa kartie yetu, mtaa wa ng'ambo ya reli, walio hai na waliotangulia, inatangazwa rasmi kwamba suruali nyeusi ya mwanao wa tatu, ile uliyonichagulia kitambaa chake kwa ajili ya ndoa yangu, imepasuka nyuma, kuanzia kwenye mkanda hadi karibu na goti, mchana kweupe, siku ya uchaguzi, mbele ya wapiga kura, mashahidi wa vyama na polisi wawili. Hakuna majeruhi isipokuwa heshima yangu, nayo ilikuwa mgonjwa tangu zamani. Marehemu ameacha koti moja ambalo siku hizi halikubali tena kufungwa tumboni.

Cheka kwanza, Mama. Ukimaliza, kaa vizuri nikupe habari yenyewe: tumeshinda. Sisemi habari za depite wa bunge, wala za diwani wa komini. Hao wameshinda na kushindwa kama kawaida yao, na kesho yake jua limechomoza upande ule ule. Sisi tumeshinda biro, chumba cha kupigia kura. Watu wa ng'ambo yetu wamepiga kura ng'ambo yetu, wakiwa wamesimama wima.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini najua barua hii itasomwa na wengine juu ya bega lako. Kamina ni mji wa njia za reli kukutana. Treni zinatoka Lubumbashi, zinatoka Bukama na samaki, zinatoka upande wa Kasai, zikifika hapa zinapumzika kama mgeni ambaye hakuna wa kumwuliza ataondoka lini. Mavagon, mabehewa yake, yakisimama, kartie yetu inakatwa na mji. Ukitaka kwenda sokoni au kwa daktari, unainama na kupita chini ya vagon, mzigo mbele, mtu nyuma. Ukiogopa, unazunguka hadi kivuko cha barabara, na huko unafika ukiwa umezeeka kidogo zaidi. Na biro ya kura, tangu uchaguzi wa kwanza, ilikuwa kwenye shule ya upande wa pili.

Siku ya uchaguzi ule wa kwanza ulivaa pagne yako ya sikukuu, kitenge kile cha ndege wa buluu. Mama wa Kambi alikuja kukuchukua, kigoda kichwani. Wasomaji wasiomjua: huyu ni mama wa mkoa wa Ekwateri, aliyeletwa Kamina na mume wake mwanajeshi wa kambi. Mume alipokufa, yeye akabaki, akauza samaki wa moshi sokoni pembeni ya sombe yako, majani ya mihogo. Mlianza kwa kugombania meza, mkamaliza kwa kula sahani moja. Nami niliwafuata siku ile, mwalimu mwenye watoto wawili na cheti ukutani, na chini ya vagon sauti yako ikanifikia mbele ya watu wote:

"Inama vizuri, weye! Kichwa yako iko mukubwa, utaharibisha treni ya serikali."

Wakati wa kampeni wagombea walikuja kwetu na vitambaa vyenye sura zao, na kila mmoja aliahidi daraja la kupita juu ya reli. Daraja lile limejengwa mara nyingi mdomoni hata nashangaa halijaota kutu. Vitambaa uliviosha, ukavitandika uani, ukaanikia mihogo. "Bachunge mihogo," ulisema. "Hapa angalau banafanya kazi."

Uchaguzi wa pili siupendi kuukumbuka, ila ndio mzizi wa yote. Wewe ulikuwa katikati ya reli, tumbo karibu na kokoto, treni iliposhtuka. Haikwenda mbali, labda hatua mbili. Nilikuwa nimeshavuka na sikufanya lolote. Nilipiga kelele tu kama mbuzi. Mama wa Kambi ndiye aliyekushika miguu na kukuvuta kwa nguvu zake zote. Gurudumu lilipita juu ya pagne, ndege wa buluu wakabaki nusu. Mlikaa kwenye kokoto, kisha mkainuka mkaenda kupiga kura. Mliporudi ukaniambia nichukue kalamu.

Tangu siku hiyo nikawa karani wenu. Mlisema, niliandika: barua kwa komini, barua kwa ofisi ya uchaguzi, barua kwa paroko atupe darasa. Wewe uliongoza, Mama wa Kambi aliongeza pilipili. Uchaguzi wa tatu, ule wa mashini za kupigia kura, ulipofika wewe ulikuwa mgonjwa, nasi tukajitolea kukuzungusha hadi kivuko kwa baiskeli. Ulikataa. "Biro ikuje, ao nibaki." Ukabaki. Mama wa Kambi naye akabaki nawe, akaapa hatainama tena chini ya vagon kwa ajili ya mtu yeyote mwenye tai. Kisha ukatuacha, na barua nikaendelea kuandika.

Basi safari hii walikubali. Biro ilifunguliwa katika darasa la parokia, darasa langu mwenyewe, na wazee wote wa ng'ambo yetu walioandikishwa upande wa pili wakahamishiwa kwetu kwa orodha. Ungewaona! Tata Mwilambwe na fimbo yake, wale mapacha wa jirani yetu wakishikana mikono, mabibi ambao hawakuwahi kupiga kura tangu magoti yao yagome. Mtu alikuwa anatoka nyumbani, anapiga kura, anarudi kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Nilizunguka uwanjani kama mwenye harusi.

Saa nne Mama wa Kambi akafika, kichwani kitambaa kipya, mkononi karte yake ya mpiga kura. Msichana wa biro akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akarudia tena.

"Mama, jina yako haiko hapa. Iko ku biro ya zamani, ku ile shule ya ng'ambo ingine."

Mama wa Kambi hakupiga kelele. Aliangalia kidole cha yule msichana.

"Miaka yote bananiambia, 'Enda upige kura kwenu.' Leo nimekuja kwetu. Jina haiko."

Na magoti yake sasa hayakunjiki kabisa, Mama. Pale njiani treni ndefu ya mizigo ilikuwa imesimama tangu jana, na kivuko kiko mbali. Aligeuka kurudi nyumbani. Watu wakaanza kuitukana ofisi ya uchaguzi. Ndipo nilipomwona Kalenga kwenye foleni, yule fundi wa kuunganisha na kuachanisha mavagon. Nikamwambia: kata treni.

"Mwalimu, weye iko na akili? Bila ruhusa ya stesheni sikati hata kamba ya mbuzi."

Mke wake alikuwa mbele yake kwenye foleni. Hakugeuka hata kugeuka.

"Kalenga, ukirudi nyumba na hii treni haijakatwa, bukari yako itapikwa na lokomotivi."

Foleni nzima ikacheka, na Kalenga akaondoka mbio kuelekea stesheni. Akarudi na ruhusa ya nusu saa na bendera yake nyekundu. Alifungua mnyororo na bomba za hewa, akapunga, na lokomotivi ikavuta mbele taratibu. Treni ile, Mama, ikafunguka katikati kama mlango. Kwa mwanya ule tukaona shule, foleni ya upande wa pili, watu wakitukodolea macho.

Tulimkalisha Mama wa Kambi kwenye kiti cha plastiki, mimi kushoto, Kalenga kulia. Nilipoinua nikasikia sauti nyuma yangu, nikahisi upepo mahali ambapo mwalimu hapaswi kuhisi upepo. Vigelegele vikageuka vicheko.

"Tika, acha tu, mwalimu," Mama wa Kambi akasema kutoka juu, "usishushe kiti. Suruali yako imeisha kupiga kura, sasa ni zamu yangu."

Tukavuka. Hakuna aliyeinama. Alipotoka kwenye biro alisimama kwenye ule mwanya, akainua kidole gumba cheusi kwa wino, huku na huku, na pande zote mbili za reli zikapiga vigelegele kwa pamoja. Sijawahi kusikia hivyo katika mji huu, hata siku za mpira. Nililia, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa imeshika suruali, machozi hayakupanguswa.

Sasa mji unasimulia kwamba mwalimu aliyekata treni ni mimi. Sokoni wananiita Honorable. Wanafunzi wanasimama ninapoingia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nami nimekubali sifa hizo zote kwa unyenyekevu mkubwa.

Lakini wewe nakuandikia ukweli. Ofisi haikukosea. Orodha ya wazee waliohamishwa niliiandika mimi, kwenye meza yako, kwa mwandiko wangu mzuri ambao ulizoea kuusifu kwa wageni. Walitaka majina kama yalivyo kwenye karte. Niliwaandika watu wetu wote, mmoja baada ya mwingine. Nilipofika kwake kalamu ikasimama, kwa sababu sikujua jina lake. Amekula kwetu miaka yote, amekutoa kwenye gurudumu, na mimi sikuwahi kumwita ila Mama wa Kambi. Nikajiambia nitapita kumwuliza. Sikupita. Nikapeleka orodha bila yeye. Na siku ile, watu walipotukana ofisi, nilinyamaza.

Jumapili iliyopita nilienda kwake nikamwambia yote. Alisikiliza, akiendelea kugeuza samaki kwenye wavu. Kisha akaingia ndani, akatoa daftari, kalamu na karte yake, akaviweka kwenye magoti yangu.

"Mwanafunzi akikosa, unamufanya nini?"

"Anaandika, Mama. Mistari."

"Basi andika."

Nikaandika jina la kwenye karte kurasa mbili, mtu mzima mwenye mvi, kwenye kigoda, majirani wakipita na kuuliza kama Honorable anatunga sheria. Kila nilipofika chini ya ukurasa alichukua daftari, akafuata kila mstari kwa kidole chake, polepole, kwa sababu kusoma kwake ni kwa shida. Mstari wa saba herufi moja ilikuwa imelala. Nikaurudia. Mwishoni akafunga daftari, akalificha kifuani, akanipa samaki mkubwa kuliko wote wa kupelekea mke wangu.

Pumzika kwa amani, Mama. Bolumbu Anjeliki anakusalimia. Jina hilo nimeliandika hapa bila kuangalia popote.

Mwanao wa tatu, karani wenu