Ile Rangi Nyepesi ya Kwetu

Manyatta, Kisumu
Jumanne, nimeshafunga kibanda

Kwako mdogo wangu Mkamburi, mama Mghoi,

Mwatate mnaendeleaje? Hapa sisi tunakula na tunalala. Magoti tu ndiyo yananiteta nikipanda ngazi ya kanisa, lakini mdomo iko sawa kabisa, Mungu asifiwe. Wewe ndiyo sijui uko aje. Na hiyo "sijui" ndiyo imenikalisha hapa na kalamu, mimi ambaye tangu tutoke ile shule ya kambi ya mkonge, kalamu naionaga tu kwa mfuko ya shati ya watu wengine.

Ukiona herufi zimelala kama mahindi imepigwa na upepo, vumilia. Ningemwambia jirani yangu Mama Akoth aniandikie, ako na mkono safi, lakini hiyo mama ukimwambia kitu asubuhi, saa sita utakuta iko sokoni inauzwa. Najua sasa hivi unasema, "Tazama nani anaongea." Sawa. Lakini hii maneno si ya sokoni.

Wacha nikupe kwanza zile tamu. Binti yetu Awino amepata mtoto mwingine, msichana, analia kama king'ora ya polisi. Nilitaka aitwe Wakesho kama mimi, wakasema jina imeshatoka kwa ndoto ya nyanya wa upande ile ingine. Sasa mimi hapo nishindane na ndoto? Mvua imenyesha vibaya, Ahero maji imeingia kwa manyumba na mchele imepanda bei, watu wanakula ugali wakinuna. Mimi bado niko na chapati na maharagwe yangu, madondo wanaita huku, pale nje ya geti ya hospitali kubwa. Hapo ndiyo chuo kikuu yangu. Mgonjwa akilala ndani, watu wake wanakula kwangu, na mtu akishika chapati moto mdomo inafunguka. Na yule mama wa mandazi aliyekuwa kando yangu ameolewa tena, ati bwana ni mlokole. Mlokole gani anakuja kuchukua bibi na miwani nyeusi jioni? Wacha ninyamaze.

Sasa Mkamburi, kaa chini. Kama mama mkwe wako yuko hapo kando, mwambie unasoma salamu, utoke nje.

Unakumbuka tukimzika mama, ulinivuta nyuma ya jiko, ukaniambia damu imekurudia na wewe ulishamaliza mambo ya mwezi kitambo. Ukanishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Dada, usimwambie mtu." Mimi sijamwambia mtu. Hata Baba Awino hajui mpaka leo. Wewe mwenyewe jua hiyo imenigharimu nini, mimi nikikaa na siri ni kama kukaa na makaa kwa mfuko ya aproni.

Nilikupigia, ukasema, "Ah, inakuja na kuenda, mama mkwe anasema ni dalili mwili iko na nguvu bado." Nikapiga tena, ukasema netiwaki mbaya. Netiwaki mbaya na nilikuwa nasikia mpaka kuku akilia hapo kwenu! Mara ya mwisho simu ikachukuliwa na mama mkwe mwenyewe. Akanisomea: "Wewe Wakesho, usituletee magonjwa ya ziwa. Redio imesema kansa iko huko kwenu. Huku kwetu iko kidogo sana, hata namba yetu iko chini." Akakata.

Sasa wacha nikwambie hiyo namba ya chini nimeiona na macho.

Hapa kwangu niko na mgeni, Wifi Dorka, dada mkubwa wa Baba Awino. Uliwahi kumwona kwa harusi yetu, ile mrefu aliyecheza mpaka viatu vikakatika. Ameolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Mbita, na bwana yake alishakufa. Amekuja kutibiwa, ni kansa ya mlango ya kizazi. Analala kwa kitanda ya zamani ya Awino, asubuhi namsindikiza hospitali nikienda kuwasha jiko. Amekonda, lakini kuchekesha bado anachekesha. Daktari alimwuliza kama ako na mzio wa kitu, akasema, "Ndiyo, wanaume." Daktari akaandika.

Basi juzi watu wa afya wakaita mkutano ya kansa kwa ukumbi ya kanisa yetu. Mimi nikaenda kwa sababu ya soda, nisikudanganye. Dorka akasema hawezi kubaki peke yake, tukaenda polepole, akaketi karibu na mlango penye hewa.

Wakatundika ramani ya Kenya mzima, kaunti kwa kaunti. Penye ugonjwa imeandikwa mingi rangi ni nzito, penye ni kidogo rangi ni nyepesi. Kisumu yetu ilikuwa nzito kama damu ya mbuzi imekauka. Na kando yake makaratasi ya mistari, kila kaunti na mstari yake, ya kuonyesha vile inapanda ama inashuka mwaka kwa mwaka. Yetu ilikuwa inapanda kama mtu anakimbizwa na nyuki.

Haki ya Mungu ukumbi ilichafuka. Mzee mmoja akasimama, "Ni maji ya ziwa, takataka yote inaishia huko!" Mwingine, "Ni hizi samaki za barafu kutoka nje!" Mama Akoth akaruka, "Ni chai! Nyinyi wanaume mnakunywa chai ikiwa inachemka, koo itabaki?" Mzee akamjibu, "Na wewe Mama Akoth, hiyo koo yako mbona haichoki?" Watu wakacheka, lakini ilikuwa ile kicheko ya mtu anaogopa. Kila mtu alikuwa anaangalia hiyo rangi kama ni yeye imepakwa.

Mimi macho ikaenda pande yetu. Nikatafuta Voi, nikashuka, nikaona Taita imekaa nyepesi, safi, kama shuka ya hospitali. Mdogo wangu, nilijisikia! Nikasimama, mkono kwa kiuno. "Mnaona kwetu? Sisi tunakula mbaazi na muhogo, tuko na hewa ya mlima. Mje niwafundishe kuishi." Wakanipigia makofi, wengine wakanizomea, "Nyar Taita, si urudi basi!" Hiyo Nyar Taita ndiyo jina yangu huku, ni kusema msichana wa Taita, hata nikiwa na miaka mia.

Kulikuwa na dada mmoja anaitwa Lilian, anaandika rekodi za wagonjwa hapo hospitali. Anakulaga kwangu, madondo bila supu. Yeye hakucheka. Akauliza tu, "Nyar Taita, mtu ya kwenu akishuku ni hii ugonjwa anapimwa wapi?"

Nikasema, "Anaenda Mombasa. Kama ako na mtu Mombasa."

"Na kama hana?"

Mkono ikatoka kwa kiuno. Nikaketi.

Halafu akageukia ukumbi mzima. "Naomba kuuliza, na sitaandika jina ya mtu. Ni nani hapa amewahi kufika kwa dirisha yetu akaulizwa anatoka wapi, akasema Manyatta, na hatoki Manyatta?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Wewe unajua vile kanisa inainama wakati ya kutubu? Hivyo. Kwa sababu sisi wote tunajua, hiyo ndiyo tabia ya hapa. Mgonjwa akitoka mbali, mwenyeji wake anamfundisha njiani: "Usiseme kwenu, watakurudisha hospitali ya kaunti yenu. Sema unaishi kwangu." Mimi mwenyewe ndiyo nilimwambia Dorka hivyo, tukitembea.

Nikasikia kiti inalia nyuma. Dorka amesimama. Ameshika mlango.

"Mimi," akasema. "Mimi niko ndani ya hiyo rangi nzito yenu, na mimi si wa hapa. Kwetu ng'ambo muniangalie kwa hiyo ramani, hamtanipata. Na kabla yangu walikuwa wengi. Wao hamtawapata mahali popote, kwa sababu walizikwa ikisemwa ni chira."

Chira, Mkamburi, huku ni ile ugonjwa wanasema inakukondesha ukivunja mila. Dorka bwana akifa alikataa kurithiwa na shemeji yake. Damu ilipoanza kutoka, kijiji mzima ikasema si umeona, ni chira hiyo. Wakampikia mitishamba. Akanywa, akangoja. Hakuna mtu alimwambia kansa, kwa sababu walikuwa wanajua kansa ni ya Kisumu.

Akiketi, mkono moja ikaenda juu. Halafu ingine, ya mzee wa maji ya ziwa, ati bibi yake anaishi Siaya. Halafu ingine nyuma. Lilian akasema pole pole, "Kwa hivyo mjue kusoma hii ramani. Penye rangi ni nyepesi, mara ingine ni kweli watu ni wazima. Mara ingine ni hakuna mtu anawapima. Na penye mstari inapanda, mara ingine ugonjwa imeongezeka, mara ingine ni mtu wa kuandika ndiyo ameanza kazi. Mimi mwenyewe siwezi kukuambia kwa kuangalia tu."

Soda ilikuja. Sikuweza kumaliza yangu. Unaona mambo.

Jioni nikiwa nakanda unga, nikamwuliza Dorka, "Wifi, hii kitu ilikuanza aje?"

Akasema, "Ilianza kidogo tu. Nilikuwa nimeshamaliza mambo ya mwezi. Ikaja, ikaenda. Nikasema labda ujana inarudi kuniaga."

Mkamburi, unga ilinishikia kwa vidole. Inakuja na kuenda. Hiyo ni maneno yako, vile vile. Nikamgeuzia mgongo asione uso yangu, lakini huyo mwanamke ana macho. Akauliza, "Ni nani?" Nikasema hakuna. Akasema, "Nyar Taita, wewe ukisema hakuna na unyamaze, basi yuko. Ni mdogo wako?"

Nikaendelea kukanda. Sijavunja ahadi, yeye ndiyo alijaza. Akavuta kiti karibu, akasema nikuandikie hivi, naweka vile alisema: "Mwambie daktari aliniambia ningekuja damu ya kwanza, wangetoa kidogo nirudi nyumbani nikalime. Sasa imepita mahali pa kutoa, wananipimia dawa kama mtu anazima moto na kikombe. Mwambie mimi sikuuliwa na mila peke yake, nilidanganywa na kusikia ati ni ya wengine."

Alisema "sikuuliwa" na bado anatembea. Usiku nilimsikia akigeuka geuka, na mimi pia nikageuka.

Sasa sikiza. Mimi sisemi uko nayo. Lilian nilimwuliza, bila jina, nikasema ni mteja. Akasema damu ikirudi kwa mtu alishamaliza inaweza kuwa mambo mengi, mengine madogo, lakini haikaliwi, inaangaliwa. Akasema hakuna haja ya kupanda gari mpaka Kisumu, hata hapo Voi wanaweza kuanza kuangalia mlango ya kizazi, na wakiona kitu watakuelekeza. Haichukui hata muda ya kupika mbaazi. Unalala, wanaangalia, unavaa. Aibu ni ile ya kuvua. Sisi tulioga pamoja kwa karai moja, aibu tuliimaliza huko.

Ukifika kwa dirisha na wakuulize unatoka wapi, sema Mwatate. Taja mpaka kijiji.

Na sasa unajiuliza kwa nini barua imeletwa na shemeji yako mwenyewe, Baba Awino. Hana safari ingine huko. Safari ni wewe. Nilimwambia tu, "Mkamburi lazima apelekwe Voi." Akauliza, "Anaumwa?" Nikasema sijui. Akachukua kofia. Miaka yote hii na hajawahi kuniuliza swali ya pili.

Unamjua vizuri. Hawezi kubishana na wewe, hawezi kukuhubiria. Atakaa tu. Mama mkwe wako akimwambia namba iko chini, atasema "ndiyo mama" na ataendelea kukaa. Na mgeni wa kiume, mkwe tena, kutoka mbali hivyo, hawezi kupewa mboga. Atachinjiwa kuku leo, atachinjiwa kesho, na mimi nimemwambia asirudi bila wewe kuonekana na daktari. Kuku za mama mkwe wako ni ngapi? Huyo mama mwenyewe ndiyo atakusukuma kwa gari, nakuambia.

Nisalimie Baba Mghoi akitoka kazi ya ulinzi Mombasa, mwambie asikasirike, bibi ni wake lakini mdogo ni wangu. Salamu kwa Mghoi, mtoto wangu anayependa vitabu, asikuachie jembe peke yako. Salamu kwa mjomba Mwachofi na mguu yake. Mama mkwe wako msalimie pia, kwa heshima yote. Awino anakusalimia, na Dorka anasema hakujui sana lakini anangoja habari yako.

Mimi nitafungua kibanda asubuhi kama kawaida, simu iko kwa aproni, haitazimwa. Usinipigie kuniambia uko sawa. Nipigie ukiwa umelala kwa hiyo kitanda ya Voi, niongee na wewe mpaka wamalize. Kuongea naweza.

Ni mimi dada yako anayekuogopea,
Wakesho