Chumba cha Katikati

Arua, Jumapili mchana

Kaka yangu Asuman,

Amani ya Mungu na rehema zake zikufikie huko Juba, wewe, wifi yangu na watoto wote. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukishuka ngazi, nami nikakuambia upunguze nyama, ukanicheka. Hapa Arua niko mzima wa mwili. Ya moyo utayasikia humu.

Najua ndugu yetu Muzamili ameshakupigia simu. Najua amekuambia kwamba jana dada yako Sharifah alikwenda Koboko na fundi, akabomoa ukuta wa nyumba ya baba, akamchukua Zam, mke wa mdogo wetu Wahabu, pamoja na kitoto chake kichanga. Ni kweli yote. Zam amelala hapa nyuma yangu ninapoandika. Muzamili anangoja neno lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa: ukisema ukuta urudishwe na Zam arudi chumbani, itakuwa hivyo. Nakuomba kabla hujasema lolote unisome mpaka mwisho, hata nikianza kufundisha. Ualimu ni ugonjwa usio na dawa.

Nyumba ile unaijua kuliko mimi. Mimi nilizaliwa uhamishoni, lakini wewe ulikimbia kwa miguu yako mwaka ule wa vita, ukawaona baba zetu wadogo wakielekea Zaire sisi tukielekea Sudan, na hawakuonekana tena. Baba hakulisahau hilo. Tuliporudi Koboko alijenga chumba kimoja, akasema mbele ya watu, kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Mutu ya mimi hapana lala inje tena. Nyumba iko moja, jiko iko moja." Basi kila kijana alipooa, hakujengewa nyumba yake, aliongezewa chumba ubavuni mwa vya zamani. Chumba kile cha kwanza, alichobaki nacho mama baada ya baba kufariki, kikajikuta katikati. Dirisha lake likawa linatazama ghala la muhogo, na mlango wake ukawa mwisho wa ukumbi mrefu wenye giza hata saa sita mchana. Watu wa mtaa wetu wa Lurujo wakipita walituonyesha kwa kidole, wakisema ile ndiyo familia. Nami nilijivuna, kaka, tena sana.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita nilikuwa nafundisha habari za seli, vile vyumba vidogo vilivyojenga mwili wa kila kilicho hai. Binti mmoja anayeitwa Jovia, ambaye maswali yake hunichosha na kunifurahisha, aliuliza kwa nini seli ikishiba isiendelee kunenepa tu, kwa nini ijisumbue kujigawa. Akasema tembo bila shaka ana seli kubwa kuliko panya. Nikamwambia hapana, tembo ana seli nyingi zaidi, siyo kubwa zaidi. Chakula na hewa huingilia kwenye ngozi ya seli, na uchafu hutoka kupitia hapo hapo. Seli ikiongezeka upana mara mbili, ngozi yake huongezeka mara nne, lakini tumbo lake mara nane. Walaji wanazidi milango. Kwa nje inaonekana imenawiri, kumbe ndani kabisa kuna njaa. Kwa hiyo, kabla haijafika hapo, hujigawa.

Niliwaonyesha kwa muhogo mbichi. Asubuhi tulikata kipande kikubwa na kingine kidogo, tukavitia katika maji ya rangi nyekundu. Jioni nikavipasua. Kidogo kilikuwa chekundu chote. Kile kikubwa kilikuwa chekundu pembeni, na katikati cheupe kabisa, kama hakikuwahi kukaa majini. Nilisimama na kisu mkononi nikashindwa kuendelea. Niliwaambia wachore walichokiona, nikatoka nje nikalia nyuma ya maabara.

Kaka, uliambiwa mama aliuawa na presha. Mimi ndiye niliyekuambia. Unakumbuka mwaka jana baada ya kiharusi hakuweza tena kusema wala kuinuka, na wiki ile nyumba nzima ilikuwa katika harusi ya binti wa Muzamili. Nilipofika nilikuta ameshafariki, nikawa mmoja wa waliomwosha. Ulimi wake ulikuwa umepasuka. Ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Kando ya kitanda palikuwa na bakuli la uji ulioota ukungu, na birika kavu. Mama yetu alikufa kwa kiu, Asuman, katika nyumba iliyokuwa ikipikia mtaa mzima.

Usimtafute mwenye roho mbaya, hayupo. Bushira, mke wa Muzamili, anayelishika jiko lile kama kamanda, alimpakulia mama kwanza kila siku, kabla ya wanaume. Alimkabidhi sahani yeyote aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu aliitwa njiani, akaiweka, akajua mwingine ataifikisha. Kila mtu aliona sahani imetoka jikoni. Hakuna aliyeiona ikifika.

Nilinyamaza kwa sababu mwosha maiti hatangazi alichokiona. Ndivyo tulivyofundishwa, kumsitiri aliyekufa. Lakini aibu niliyoiona mle haikuwa ya mama. Ilikuwa yetu, nami nikaifunika kwa sanda yake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi kilio kilikuwa kimeshalia bado nikaficha.

Ijumaa nilikwenda Koboko kumpa Zam hongera ya mtoto. Amejifungua kwa kupasuliwa, hawezi kuinuka peke yake. Bushira, kwa mapenzi yake, alikuwa amempa chumba cha mama, kwa heshima, kwamba kina ubaridi na hakina upepo. Nje kulikuwa na furaha, wanawake wanasonga enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na kuchekana. Ndani nilimkuta Zam ana homa, midomo imekauka, jagi tupu tangu asubuhi, na mtoto ananyonya titi lisilo na kitu. Nilimuuliza Bushira, akasema wasichana wamepeleka. Niliwauliza wasichana, wakasema mama mkubwa, yaani Bushira mwenyewe, amepeleka. Kesho yake nikaja na fundi.

Muzamili alisimama mbele yangu akisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, na kwamba nataka kuitawanya damu ya baba. Nilimjibu kwamba seli haigawi urithi kama tunavyogawa shamba. Kwanza inanakili kila kitu ilichopewa na wazazi wake, ndipo inagawanyika, na kila upande unaondoka na urithi mzima. Akaniambia nikawafundishe watoto wa watu. Namwelewa. Ana hofu ileile ya baba, na mimi siwezi kuicheka.

Ninachokuomba ni hiki: useme kila ndugu awe na nyumba yake na jiko lake, humo humo kiwanjani, karibu kiasi cha kuitana.

Liko jambo moja ambalo Muzamili hakukuambia, kwa kuwa alikuwa ameshaondoka kwa hasira. Fundi alipoangusha ukuta wa upande wa ghala, mwanga uliingia chumbani, na ukutani penye kitanda, pale mkono wa mama uliobaki na nguvu ulipofika, tuliona plasta imebonyea, tundu juu ya tundu, kila moja na ukingo wa duara. Kikombe chake cha bati kilikuwa bado chini ya kitanda, mdomo umepindika. Bushira alikitazama muda mrefu, kisha akakaa chini sakafuni. Alisema ule mlio aliusikia, wiki nzima ile ya harusi aliusikia, akadhani ni mtu anatwanga.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Zam anakusalimu; leo ameweza kunywa uji, na mtoto amelala. Mungu akulinde njiani utakapokuja.

Ni mimi mdogo wako,
Sharifah binti Pitia