Saa Yangu ya Maji

Mashimoni, Jumanne

Baba Hope,

Niaje huko Kawangware? Sisi tuko sawa. Hope ameng'oka jino, na viatu ulivyotuma vimemtosha.

Umesema umetupatia nyumba yenye bomba ndani, nisipange foleni ya maji tena. Nimeshukuru, na mgongo wangu pia umeshukuru. Lakini kuna kitu sijawahi kukuambia. Kila asubuhi mtungi wangu ukishasimama kwa foleni, mimi hukaa kwa jiwe na kuandika ukurasa mmoja. Miezi minne sijakosa hata siku moja. Foleni ikisonga, Akeyo jirani husukuma mtungi wangu kwa mguu, halafu anauliza, "Leo huyo msichana wa hadithi yako amefika wapi?" Hiki kitabu kitaisha. Najua tu.

Daftari la kwanza uliwasha jiko nalo, ukasema hukujua ni la nini. Hili la pili nalala nalo.

Tutahama mwisho wa mwezi. Lakini huko, kila asubuhi saa kumi na mbili hadi saa moja, hata kama chai haijawekwa, usiniite. Jifanye bado niko kwa foleni.

Mkeo, na mwandishi,
Musimbi